Mmasai wa Butiama

Mmasai wa kwanza niliyemchora alikuwa Mjita, mwalimu wa hesabu, na shuka lake lilikuwa kitambaa cha meza ya ofisi ya walimu. Kitambaa kilikuwa na doa la chai upande wa bega. Nikakichora na doa lake, kwa sababu miaka yote nilikuwa nikiwahubiria wanafunzi kwamba mchoraji anachora anachokiona. Mtalii aliyeinunua picha ile aliuliza lile doa lina maana gani katika mila. Akaambiwa ni alama ya ukoo, akafurahi sana.

Nawaambia hili mapema, wanangu, ili msije mkanishtukia katikati ya safari. Mnakuja hapa kwangu Nyakato, Musoma, na madaftari yenu, mnaniuliza mchoraji wa Mara achore nini ili picha yake ionekane ni ya Mara. Swali zuri. Wakati wetu sisi swali lilikuwa brashi iko wapi.

Mimi ni mtoto wa Suguti. Nilifundisha shule ya msingi Butiama miaka minne, nikajifunza Kizanaki cha kununulia ndizi na cha kuombea radhi, ndipo nikahamishiwa sekondari Musoma kufundisha uchoraji. Nilipofika, mkuu wa shule alinionyesha kabati la vifaa vya sanaa. Ndani mlikuwa na rula moja na mjusi.

Rangi haikuwepo. Sisemi ilikuwa ghali, maana kitu cha ghali unaweza kukiona dukani ukakitamani. Haikuwepo, kama sabuni na viberiti navyo havikuwepo. Basi tukatengeneza. Andikeni hili, litawafaa siku hela ya rangi ikiisha. Udongo mwekundu wa Butiama unautwanga, unauchuja kwa kitambaa, unauacha utulie kwenye maji, unamwaga maji ya juu, unachukua ule ulaini wa chini. Hiyo ni nyekundu ambayo dukani huipati mpaka leo. Nyeusi ni masizi ya koroboi. Nyeupe tulipata Suguti, magamba ya konokono wa ziwani tukayachoma na kuyasaga. Bluu hatukuwa nayo. Kwa miaka ile, ziwa katika picha za wanafunzi wangu wote lilikuwa la kahawia, na mkaguzi mmoja aliandika kwamba shule ina mtazamo wa kipekee.

Kosa langu lilikuwa gundi. Nilichanganya rangi na uji wa muhogo. Ikashika vizuri, ikang'aa. Basi nikachora mkulima wa pamba, mkubwa kama mlango, anatabasamu, kwa ajili ya mgeni kutoka wilayani aliyekuwa anakuja kuzungumza juu ya kuongeza uzalishaji. Asubuhi ya siku ile tukafungua stoo. Mende walikuwa wamekula pua yote ya mkulima na nusu ya tabasamu.

Mkuu wa shule aliangalia saa, akaangalia picha. "Mwalimu, mpe mkono."

"Mkono gani?"

"Mkono wa kupangusa jasho. Mfunike uso."

Nikamchorea mkono unaopangusa uso. Mgeni aliisifu picha ile kwa nusu saa nzima. Alisema hajawahi kuona mchoraji aliyeuelewa uchungu wa mkulima kiasi kile.

Aliyeniokoa na mende ni Mzee Sefu wa Bunda, fundi wa vibao. Baba yake alitoka Ujiji, mama yake Ukerewe, na karani akimwuliza kabila alikuwa anajibu, "Andika Bunda, karibu na stendi." Aliandika majina ya maduka na majina ya mabasi, na wakati ambao hakukuwa na bidhaa madukani aliendelea kuandika vibao vile vile, kwa sababu, alisema, mtu akikosa sukari angalau asome neno sukari. Yeye ndiye aliyenifundisha kuchemsha mabaki ya ngozi ya fundi viatu mpaka yawe gundi, kutia maji ya mwarobaini ili wadudu wasionje, na kuwamba kitambaa cha amerikani kwenye fremu kuanzia katikati kwenda pembeni. Mimi nilikuwa naanzia kwenye pembe, na picha zangu zote zilikuwa na mawimbi.

"Wewe una cheti," aliniambia siku moja, "kwa hiyo nitakusemesha polepole. Ukikosea herufi moja, Bunda nzima itakucheka. Ukikosea uso, watasema ndivyo alivyo huyo bwana. Kwa hiyo kazi yangu ni ngumu kuliko yako."

Nikashika nyundo, nikaanza kuwamba upya kutoka katikati. 

Kisha mambo ya biashara yakafunguliwa. Mnasoma darasani kwamba yalifunguliwa, lakini hamwambiwi jinsi yalivyofunguka. Rangi zilikuja madukani za kila aina, bluu mpaka ya bahari ambayo sisi hatuna, na wiki hiyohiyo mkuu wa shule akaniita kunieleza kwamba somo la uchoraji limetolewa kwenye ratiba, nitafundisha siasa. Kwa hiyo asubuhi nikawa naeleza hasara za ubepari ubaoni, na jioni nakwenda kuandika tangazo la soda kwenye ukuta wa baa. Mshahara ulibaki uleule, ila sasa kulikuwa na vitu vya kununua, jambo ambalo liliuonyesha ulivyo mdogo.

Ndipo nikasikia habari za Bwana Gervas. Huyu alitoka Mwanza, akafungua duka la vinyago Bunda kando ya barabara kuu, maana watalii wa mbugani walianza kupita pale na kusimama kunywa soda. Alitaka picha. Nikambebea tatu nilizozichora Suguti kwa rangi mpya, nikiwa nimezipa roho yangu yote. Moja ilikuwa ya akina mama wanaanika dagaa juu ya majabali, na jua linapiga dagaa mpaka mwamba unaonekana wa fedha. Mpaka leo sijachora kitu kizuri kuliko kile.

Gervas aliitazama kwa muda, hata nikapata matumaini.

"Mwalimu, hii ni nzuri. Hapa ni wapi?"

"Suguti."

"Unaona sasa? Mtalii hajaja kuona Suguti. Hajui kama iko. Ukimwonyesha hii atauliza, hapa ni wapi, na mimi nitamwambia Suguti, na biashara imeishia hapo. Niletee Mmasai."

"Hapa hakuna Wamasai."

"Kwani mtalii anajua?"

Nilirudi Musoma nimenuna. Nilinuna kwa siku tatu. Siku ya nne nikamwomba Mwalimu Bwire wa hesabu asimame nyuma ya ofisi na kitambaa cha meza na ufagio, ndio mkuki.

Mzee Sefu aliiona picha kabla haijauzwa. Aliinama, akaikagua kama anavyokagua herufi. "Huyu Mmasai ana tumbo la mshika chaki," akasema. Akarudi kwenye vibao vyake.

Lakini iliuzwa. Nyingine ikauzwa. Bwire akaanza kudai tukutane baada ya chakula cha mchana, si kabla, kwa sababu Mmasai akiwa na njaa anatetemeka. Kisha Gervas akaniita Bunda kwa furaha. Alikuwa ameajiri mlinzi, na mlinzi mwenyewe ni Mmasai halisi, wa kutoka huko huko Umasaini, jina lake Lemayani. Alikuwa mlangoni. Mrefu, mwembamba, lubega nyekundu, shanga shingoni, fimbo ndefu, amesimama kwa mguu mmoja na wa pili ameuegemeza gotini. Nikaona aibu ya kitambaa cha meza ikinipanda mpaka masikioni.

Tangu hapo nikawa nakwenda Bunda kila Jumamosi. Lemayani alikuwa anasimama nyuma ya duka, mimi nachora. Hakuwa msemaji. Nikimwuliza jambo alijibu kwa Kiswahili cha kukatakata, "Ndio, rafiki," "Hapana, rafiki," na mimi nikawa naandika katika daftari kwamba watu hawa wana ukimya wa heshima. Nilimchora akiwa na mkuki, na ng'ombe, na jua linatua, na mlima ambao kutoka Bunda huuoni hata ukipanda juu ya mnara. Nikajiambia sasa nachora kweli.

Jumamosi moja siafu walipita. Mimi nilikuwa juu ya kiti, sikuwaona. Yeye alikuwa chini, ndani ya lubega, na siafu hawaulizi mtu kabila. Kwanza alibadilisha mguu. Kisha akabadilisha tena. Mara akatupa fimbo, akaruka, akajipiga mapajani, na akamwita mama yake kwa sauti kubwa, kwa Kizanaki safi kabisa cha Butiama.

Tulitazamana. Siafu mmoja alikuwa bado kwenye sikio lake.

"Butiama sehemu gani?" nikamwuliza kwa lugha yake.

Akakaa chini taratibu, juu ya sanduku la soda. "Wewe ulikuwa unafundishaga pale shuleni," akasema. "Nilikujua toka siku ya kwanza. Ulimfundisha dada yangu kuchora kikombe." Jina lake lilikuwa Wambura.

Akanieleza, na hakuomba huruma. Alitafuta kazi ya ulinzi Musoma akiwa na suruali na barua ya mwenyekiti wa kijiji. Kila alipofika aliambiwa, tunataka Mmasai. Akaenda Mwanza, jibu likawa lilelile. Asubuhi moja alifukuzwa kwenye geti la mfanyabiashara mmoja, akazunguka, akanunua shuka mbili mnadani, akarudi jioni kwenye geti lile lile. Akaajiriwa na yule yule aliyemfukuza, naye akamsifu kwamba anaonekana jasiri. Pale getini ndipo Gervas alipomwona, akamleta Bunda.

"Na mama anajua?"

"Mama nimemwambia niko ofisini. Si uongo sana, mlango wa duka unaelekea ofisi." Kisha akanitazama. "Utamwambia Gervas?"

Nataka niwe mkweli kwenu. Kwa dakika moja nilijiona mimi ndiye niliyedanganywa, mimi msanii niliyekuwa natafuta ukweli. Halafu nikaitazama picha iliyokuwa mbele yangu, na ule mlima. Nikashuka kwenye kiti, nikamtoa siafu sikioni, nikamwambia asimame tena kabla mwanga haujapotea.

Tulikwenda hivyo kama miaka miwili. Yeye alikuwa analinda duka, mimi nalijaza, na Gervas anatuita nguzo zake mbili. Tulipokuwa peke yetu tulizungumza Kizanaki, na Gervas akisikia kwa mbali alikuwa anawaambia wateja kwamba mwalimu huyu amejifunza Kimasai kwa ajili ya sanaa yake.

Kisha akaja daktari wa mifugo. Alikuwa amehamishiwa Bunda karibuni, kijana nadhifu, suruali ya kunyooshwa, tai, kalamu mbili mfukoni, pikipiki ya serikali. Jina lake Daktari Lazaro. Aliingia dukani siku ya Jumamosi kutafuta zawadi, na siku hiyo walikuwepo watalii wawili wazee, mtu na mkewe, wanaipenda picha yangu moja kubwa lakini hawajaamua. Gervas akaona hapa pa kupigilia msumari. Akaita, "Lemayani! Njoo usimame karibu na picha yako, waone ni wewe."

Wambura akaja akasimama. Yule mama wa kizungu akapiga makofi.

Daktari akageuka, akamtazama Wambura toka shanga mpaka ndala, akamsalimia kwa Kimasai. Akaongeza sentensi ya pili, ndefu, yenye swali mwishoni. Tulijua ni swali kwa sababu alinyamaza akisubiri.

Wanangu, nimewahi kusimama mbele ya wakaguzi, na nimewahi kusimama mbele ya wakwe. Sijawahi kuutamani mlango kama siku ile. Gervas alikuwa anatabasamu, anangoja. Mimi nilishika brashi nikaanza kuifuta ingawa ilikuwa safi.

Wambura akajibu. Alijibu kwa Kizanaki, kwa sauti ya chini, bila kukwepa macho. Mimi tu ndiye niliyemwelewa. Alisema, "Ndugu yangu, sijui umesema nini. Mama yangu ni mzee na mimi sina kazi nyingine. Ukitaka kunivua, nivue nje, si mbele ya hawa."

Daktari hakuelewa hata neno moja, na alielewa yote. Nilimwona akielewa. Akawageukia wale wazee, akasema kwa Kiingereza kizuri kuliko changu: "Anasema ng'ombe wa kwao hawajambo."

Gervas, kwa furaha, akawaeleza kwamba huyu bwana naye ni Mmasai. Yule mzee wa kizungu alimtazama daktari kwenye tai, akacheka kwa adabu, kama mtu aliyeambiwa mzaha asioupenda. Mkewe alikuwa ameshatoa kamera. Akamwomba daktari, tafadhali, asogee kidogo pembeni, anaingia kwenye picha ya Mmasai.

Daktari akasogea. Akasogea hatua mbili, akashika mikono nyuma, akangoja mpaka picha ikapigwa. Wazee wakanunua.

Walipoondoka, na Gervas amekwenda kutafuta chenji, daktari alimfuata Wambura nyuma ya duka. Nami nikafuata, nikijua pale pana ugomvi, na kwamba sehemu ya ugomvi huo ni yangu. Daktari alisimama mbele ya Wambura, akavuta ncha ya lile shuka, fundo likafunguka.

"Nani alikufundisha kufunga hivi?"

"Hakuna."

"Inaonekana." Akaanza kumfunga upya, bega la kulia, kwa mikono ya haraka ya mtu aliyevalishwa hivyo utotoni. "Na hizi shanga ni za mwanamke. Zitoe. Kama unaniigiza, niigize vizuri. Siku moja baba yangu atapita barabara hii kwa basi. Sitaki atazame nje aone aibu."

Wambura alikuwa analia bila sauti, amesimama kama mtoto anayevalishwa kwenda kanisani. Daktari akamaliza, akarudi nyuma hatua moja kuikagua kazi yake, kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe mwalimu. Wale ng'ombe wako wana miguu ya mbuzi."

"Nilichora kwa mbali," nikasema.

"Njoo Jumatatu kwenye josho. Uwaone kwa karibu."

Nilikwenda. Ng'ombe wangu wa baada ya hapo ni wazuri, mtu yeyote atawaambia. Nilimwomba daktari nimchore yeye, hivyo hivyo, na tai na pikipiki. Nikamchora Jumatatu mbili. Gervas alikataa kuitundika. "Mtalii atajuaje kama huyu ni Mmasai?" Nikamwambia aandike chini. Akasema ikishafikia kuandika chini, hiyo si picha, ni cheti.

Sasa nawaleta kwenye lile lililoniuma. Basi la kutoka Mwanza lilisimama Bunda, na ndani yake alikuwepo jirani wa Butiama. Akashuka kunywa soda, akaona ukutani kwa Gervas uso anaoujua. Hakumwona Wambura mwenyewe, alikuwa amekwenda kuchota maji. Habari ilifika kwa mama yake Wambura kabla ya siku mbili kupita: mwanao amechorwa, ni Mmasai, anauzwa dukani.

Mama yake, Bi Anastazia, alituma salamu na mtu wa basi. Salamu zilikuwa fupi. "Mwulizeni kama bado ni mwanangu, au nimpe mtu mwingine kitanda chake."

Wambura alinipa ujumbe ule akicheka, kisha akaiegemeza fimbo ukutani. "Mwalimu, nataka unichore mimi. Mimi mwenyewe. Nimpelekee."

Mnaweza kukisia furaha yangu! Miaka miwili nilikuwa nimeuchora mwili ule katika uongo, sasa mwenye mwili ananiomba ukweli. Usiku mzima nilipanga. Nitamchora Butiama, mbele ya yale mawe makubwa ya kwao, amevaa shati la kazini, jembe begani, nyuma migomba. Nitatumia ule udongo mwekundu wa kwao, si rangi ya dukani. Itakuwa picha ambayo ningewaonyesha ninyi leo, mkaacha kuniuliza maswali.

Jumamosi akaja Musoma kwangu, ameoga, amenyoa. "Mwalimu," akasema, "nimesikia una koti la harusi."

"Lipo. La nini?"

"Na saa. Kama kuna mtu ana saa."

Nikamweleza kuhusu mawe na jembe. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, maana nilikuwa mwalimu wa dada yake.

"Huyo wa jembe," akasema, "namjua. Nilimwacha kule. Wewe unampenda kwa sababu hujalima naye. Mimi mtu niliyetaka kuwa ni yule wa ofisini. Yule niliyemwambia mama. Kama kuna mimi mwenyewe, ni huyo, sijampata tu."

Nilibishana naye. Naona haya kuwaambia nilibishana kwa muda gani. Nilimwambia kwamba anatoka kwenye vazi moja la kudanganya kuingia jingine. Akanijibu, "Na wewe ulipooa, koti lilikuwa lako?"

Nililishona kwa mkopo, na siku ile lilinibana. Nikaenda nikalitoa sandukuni.

Kazi haikuwa rahisi. Nilimwambia asimame wima, akasimama, na baada ya dakika tano mguu wa kushoto ukapanda wenyewe ukaegemea gotini. "Mguu, Wambura." Akaushusha. Baada ya muda ukapanda tena. Mwisho nikamkalisha kwenye kiti, mikono juu ya mapaja, saa ya Bwire mkononi. Sikuchora mlima wala mawe. Ukuta wangu tu wa nyuma, jinsi ulivyo, na ufa wake.

Tulikwenda Butiama pamoja. Tukashuka njia panda na kutembea, yeye na suruali yake ya kawaida, mimi nimebeba picha imefungwa kwenye gunia.  Karibu na kwao Wambura alishika upande wa pili wa fremu, tukaibeba wawili kama kitanda cha mgonjwa.

Bi Anastazia alikuwa na ukungu machoni. Hakumsalimia mwanawe kwanza, alisema iletwe hiyo picha mlangoni kwenye mwanga. Akaisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa rangi. Majirani walikuwa wameshajaa uani, na yule wa basi mbele yao. Bibi akaanza juu, akishuka taratibu, kidole hewani.

"Koti si lake," akasema.

Wambura akainamisha kichwa.

"Saa si yake."

Mimi nami nikainamisha.

Akafika chini, kwenye mikono iliyokaa juu ya mapaja. Akabaki hapo. "Kukaa huku ni kwake. Anakaa kama mtu mwenye njaa asiyetaka kusema. Baba yake alikuwa anakaa hivi hivi." Ndipo akamgeukia mwenyewe, aliyekuwa amesimama nyuma yangu muda wote, akamwuliza kama amekula.

Alisema amekula. Hakuna aliyemwamini. Tulipewa ugali wa mtama na samaki wa ziwani, ningu wa kukaushwa, na wakati wa kula alimweleza mama yake yote, geti la Mwanza, shanga, siafu. Kwenye siafu bibi alicheka mpaka akakohoa, akadai asimuliwe tena. Kisha akauliza mshahara wa Mmasai ukoje ukilinganisha na wa mtu wa kawaida. Alipoambiwa, akafikiri. "Basi rudi," akasema. "Ila Jumapili uwe Mzanaki." Wambura akarudi kazini, akalinda mpaka Gervas alipofunga duka, na baada ya hapo alilinda kwingine, na lubega imefungwa vizuri.

Nilipokuwa naaga, bibi alinishika mkono akanivuta pembeni. "Mwalimu, ile saa uifute. Ndugu wakija wakaiona, watasema mwanangu ana hela, na hawataondoka."

Nikaifuta papo hapo, kwa mafuta ya taa ya bibi na kona ya shati langu. Rangi haikuwa imekauka vizuri, ikatoka pamoja na rangi ya ngozi iliyokuwa chini yake, ikabaki duara nyeupe mkononi. Nilitaka kuirekebisha, lakini sikuwa nimebeba rangi, na bibi alisema inatosha.

Mwaka juzi nilipita Butiama. Bibi ametangulia siku nyingi, Wambura mwenyewe amezeeka, alikuwa amelala ndani, nami sikutaka aamshwe. Mjukuu wake alinionyesha picha sebuleni, hakujua ni ya nani kazi ile. Nikamwuliza hiyo alama nyeupe ya mkononi ni nini.

"Babu alikuwaga mkubwa ofisini," akaniambia. "Alikuwa na saa ya dhahabu. Waliiba."